Uyoga wa nyumbani: jinsi ya kuulinda dhidi ya wadudu wanaotoka kibanjani

Unaingia kwenye banda la uyoga asubuhi. Jana jioni uliacha vichipukizi vimejaa kwenye mifuko, ukapiga hesabu kwamba kesho kutwa utakuwa na mzigo wa kupeleka Omurushaka au Kayanga. Leo vingine vimenyauka na kuwa vyeusi. Ukikata shina unakuta vitundu ndani. Juu ya mifuko, inzi wadogo weusi wanakimbiakimbia.

Kitu cha kwanza kinachokuja akilini ni ile pampu uliyopulizia mahindi au nyanya. Subiri kwanza, ndugu msikilizaji. Dawa hiyo inaweza kukuletea hasara kubwa kuliko inzi, na anayeweza kuumia ni mlaji, pengine mtoto wako mwenyewe.

Makala hii inaeleza wadudu hao wanatoka wapi, unawatambuaje, na unawazuiaje bila kutia sumu kwenye chakula. Inamhusu mkulima wa uyoga aina ya mamama, ule unaoota kama masikio kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa majani makavu ya migomba, maganda ya kahawa, magunzi au masalia mengine ya shambani. Huo ndio uyoga unaofaa kwa mkulima mdogo wa Nyakasimbi na maeneo mengine ya Karagwe na Kyerwa, kwa sababu malisho yake yapo nyumbani na hali yetu ya ubaridi kiasi inaupenda.

Kinachokinufaisha kibanja kinawanufaisha pia wadudu

Nyumba zetu nyingi zimezungukwa na kibanja. Tunatandaza majani chini ya migomba, tunamwaga samadi, tunatupa maganda ya ndizi na mabaki ya jikoni kwenye shimo. Ni kilimo kizuri. Udongo unapata rutuba na unashika maji.

Lakini inzi wa uyoga huzaliana kwenye vitu vinavyooza na vyenye unyevu. Samadi mbichi, matandazo yaliyolowa na shimo la taka ni makazi yao ya kawaida. Konokono na makoa (wale konokono wasio na nyumba) hulala mchana chini ya matandazo hayohayo. Mchwa wako ardhini tayari.

Sasa wewe umejenga banda lako katikati ya hayo yote, ukaweka ndani mifuko yenye malisho laini, unyevu na kivuli. Kwa wadudu, umewaandalia chakula bora kuliko walichokuwa nacho nje. Harufu ya utando mweupe wa uyoga unapokua huwavuta inzi kutoka nje.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutenganisha banda na vitu vinavyooza. Kibanja kiendelee kupata samadi na matandazo, lakini si kwenye ukuta wa banda. Acha eneo la wazi kulizunguka, lililofyekwa na kufagiliwa, lisilo na matandazo wala majani. Hatua 3 au 4 kila upande zinasaidia sana. Shimo la mboji na zizi viwe mbali zaidi kadiri eneo lako linavyoruhusu, na ikiwezekana upande ambao upepo hautoki huko kuja bandani.

Uharibifu unaouona leo ulianza zamani

Jambo hili wakulima wengi hulikosa. Inzi unaowaona siku ya kuvuna mara nyingi hawakuingia siku hiyo.

Inzi jike mmoja wa uyoga anaweza kutaga mayai zaidi ya 100. Mayai huanguliwa kuwa funza wadogo weupe. Funza hao hula utando mweupe ndani ya mfuko, kisha hupanda kwenye mashina na kutoboa. Kutoka yai hadi inzi kamili huchukua takriban wiki 3 hadi 4, na joto likizidi muda hupungua.

Linganisha na maisha ya mfuko wako. Baada ya kupanda mbegu, mfuko hukaa gizani wiki 3 hadi 4 mpaka uwe mweupe wote. Halafu unaupeleka kwenye mwanga na unyevu, unavuna mchumo wa kwanza, unasubiri wiki moja au mbili, unavuna wa pili, kisha wa tatu. Jumla ni miezi 2 hadi 3.

Inzi wachache wakiingia wakati mifuko iko gizani, watoto wao watatoka wakati wa mchumo wa kwanza. Watoto hao nao watataga, na wajukuu watakuwa wengi wakati wa mchumo wa pili. Ndiyo maana mkulima husema, "Mchumo wa kwanza ulikuwa mzuri, wa pili ukaharibika ghafla." Hapakuwa na ghafla. Adui aliingia katika zile wiki ambazo mwenye banda alidhani hakuna cha kuangalia.

Kwa hiyo ulinzi mkali zaidi unatakiwa kabla ya uyoga kuchipua.

Mtambue adui kwa dalili zake

Kila mharibifu huacha alama yake. Ukimjua, hutapoteza nguvu kwa kupambana na asiyehusika.

*Inzi wadogo.* Wana urefu wa milimita 2 hadi 4, rangi nyeusi au kahawia. Wengine wamefanana na mbu mdogo mwembamba, wengine wana mgongo uliopinda na hukimbia kwa kushtukashtuka juu ya mfuko. Funza wao ni weupe, na aina moja ina kichwa cheusi kinachong'aa. Dalili ni vichipukizi kunyauka na kuwa vyeusi, vitundu ndani ya shina, na utando mweupe kupotea huku malisho yakibaki meusi na yenye majimaji.

*Konokono na makoa.* Hula usiku. Utakuta kofia ya uyoga imemegwa pembeni au ina shimo pana, na utelezi mkavu unaong'aa ukutani au juu ya nailoni. Huzidi wakati wa mvua, yaani Septemba hadi Desemba na Machi hadi Mei.

*Vijidudu vinavyoruka kama viroboto.* Ni vidogo sana, vya kijivu au vyeupe, na hukusanyika chini ya mfuko au penye maji yaliyotuama. Hula utando na zile kunjo za chini ya kofia. Ukiviona vingi, ujue banda lina maji mengi kupita kiasi.

*Utitiri.* Ni kama vumbi linalotembea, la rangi nyekundu au kahawia. Mara nyingi hubebwa na inzi au huja na malisho ambayo hayakuiva vizuri.

*Panya.* Hutoboa mifuko mipya wakitafuta nafaka, kwa sababu mbegu za uyoga huoteshwa kwenye mtama au ngano. Ukikuta nailoni imechanwa na punje zimemwagika siku chache baada ya kupanda, usimtafute inzi.

*Mchwa.* Hupanda kupitia miguu ya kichanja na kuacha njia za udongo. Hula majani yaliyomo ndani ya mfuko pamoja na miti ya kichanja chenyewe.

*Ukungu wa kijani.* Huu si mdudu, ila inzi huubeba miguuni kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Huanza mweupe kisha hugeuka kijani kibichi. Mfuko wenye ukungu huu ni hatari kwa mifuko yote iliyobaki.

Kwa nini usipulize dawa

Sababu ya kwanza ni jinsi uyoga ulivyo. Hauna ganda la kumenya. Nyama yake ni kama sifongo, na kinachoupata juu hunywewa ndani.

Sababu ya pili ni muda. Kila kiuatilifu kina idadi ya siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, na siku hizo huandikwa kwenye kibandiko. Kichipukizi cha uyoga kikishatokeza huwa tayari kuvunwa baada ya siku chache tu, mara nyingi 3 hadi 6. Hakuna nafasi ya kusubiri wiki mbili, kwa sababu utakuwa umeoza.

Sababu ya tatu ni kibandiko chenyewe. Viuatilifu husajiliwa kwa zao maalumu, na hapa nchini kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Dawa iliyoandikwa kahawa, mahindi au pamba haikupimwa kwa uyoga wa kuliwa. Na zile za kuua ukungu ndizo mbaya zaidi kwa zao lenyewe, maana uyoga nao ni jamii ya ukungu. Utaua ulichokipanda.

Hata wakulima wakubwa duniani wamelijua hili kwa gharama. Kaunti ya Chester katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, inaongoza kwa kilimo cha uyoga nchini humo. Kwa miaka mingi walitegemea dawa kali dhidi ya inzi. Dawa iliyokuwa tegemeo ilipoondolewa, inzi wenye mgongo uliopinda waliongezeka mpaka wakawa kero ndani ya nyumba za majirani. Suluhisho walilolazimika kulikazania ni lile ambalo nasi tunaliweza: kuziba matundu, kuweka neti na kusafisha.

Kinga, hatua kwa hatua

*1. Ivisha malisho vizuri.* Majani ya migomba na maganda ya kahawa yaliyokaa chini nje yana mayai ya wadudu na mbegu za ukungu. Chagua yaliyo makavu na yasiyooza. Yakatekate, yaloweke usiku kucha, yachuje, kisha yachemshe au yavukize kwenye pipa kwa saa 2 au zaidi tangu maji yaanze kuchemka. Ukikamua konzi moja mkononi, yatoke matone machache tu. Maji yakitiririka, bado yamelowa mno, na mfuko utaoza ndani.

*2. Usipozeshe nje.* Wengi hukosea hapa. Malisho yaliyoivishwa kwa kuni nyingi humwagwa kwenye turubai chini ya migomba yapoe, na inzi hutua papo hapo. Yapozeshe ndani ya chumba safi, yakiwa yamefunikwa kwa nailoni safi, kisha panda mbegu siku hiyohiyo ukiwa umenawa mikono kwa sabuni.

*3. Chumba cha giza kizibwe.* Ziba nyufa za ukuta na mlango kwa udongo au vitambaa. Kila tundu la hewa liwe na neti yenye matundu madogo. Wavu wa kawaida wa dirishani huwapitisha inzi wa milimita 2, kwa hiyo ukunje mara mbili au tatu. Usichukue chandarua cha kulalia cha familia. Kile chenye dawa kimetolewa kukinga malaria, na uyoga hauwezi kuwa na thamani kuliko mtoto anayelala chini yake. Nunua neti isiyo na dawa au shashi.

*4. Mlango mmoja, pazia mbili.* Ning'iniza pazia la nailoni ndani ya mlango na jingine hatua moja mbele yake. Unapoingia, funga la kwanza kabla ya kufungua la pili.

*5. Anza na mifuko mipya.* Kama una mifuko ya umri tofauti, hudumia ile mipya kwanza na umalizie na ile ya zamani. Usianze na yenye inzi kisha ukaingia kwenye misafi na nguo zilezile. Ikiwezekana, usiweke mipya na ya zamani chumba kimoja kabisa.

*6. Inua mifuko kutoka chini.* Weka kichanja, na kila mguu uusimamishe ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo juu yake. Sisimizi na mchwa hawavuki. Kama unaning'iniza kwa kamba au waya, paka grisi sehemu ya juu, mbali na mfuko. Usitumie miti iliyokwisha kuliwa na mchwa.

*7. Maji yawe ya kiasi.* Uyoga unahitaji hewa yenye unyevu, lakini si dimbwi. Nyunyiza sakafu na kuta mara 2 au 3 kwa siku kwa maji safi kama ukungu. Usimwagie maji ndani ya matundu ya mfuko. Maji yakituama, yatoe.

*8. Usiache visiki.* Unapovuna, shika shina karibu na mfuko, zungusha na ung'oe lote. Kipande kinachobaki huoza, na inzi hutaga hapo. Vuna kabla kingo za kofia hazijakunjuka kuelekea juu. Uyoga uliokomaa mno hutoa vumbi jingi ambalo hukohoza watu, na wadudu huupenda.

Wakishaingia

Usikate tamaa, na usisubiri. Kagua kila asubuhi na kila jioni.

Kwa inzi, tundika vipande vya plastiki ya njano vilivyopakwa mafuta mazito au grisi karibu na mwanga wa dirisha. Watanata. Usiku weka beseni la maji yenye sabuni chini ya taa ndogo, hata ile ya sola, na zima taa nyingine. Wengi watafuata mwanga na kuzama. Hesabu wanaonaswa kila siku. Idadi ikipanda siku 3 mfululizo, kuna mfuko unaozalisha. Utafute, hasa ule wenye madoa meusi yenye majimaji, kisha uutoe.

Mfuko wenye ukungu wa kijani usiutikise. Ufunike kwa nailoni palepale ulipo, ufunge, ndipo uutoe nje na kuufukia. Ukiutoa ukiwa wazi, utamwaga mbegu za ukungu juu ya mifuko mingine yote.

Kwa konokono na makoa, tumia ujuzi ambao tayari unao. Wengi wetu tunajua kutega fukusi wa migomba kwa vipande vya mgomba vilivyopasuliwa. Fanya hivyo hapa. Laza vipande vibichi kwenye lile eneo la wazi nje ya banda, upande uliokatwa ukiangalia chini. Asubuhi mapema vigeuze, waokote kwa kijiti au kwa mkono uliovikwa mfuko wa nailoni, uwatumbukize kwenye maji ya chumvi, kisha nawa mikono. Majivu makavu kuzunguka banda nayo huwazuia, ila mvua ikinyesha uweke upya.

Kwa panya, ziba matundu na tumia mtego. Usiweke sumu ya panya ndani ya banda. Nyingi ni za punje, na punje zikichanganyika na mbegu za uyoga au zikaokotwa na mtoto ni msiba.

Uyoga ulioliwa na funza usiupeleke sokoni. Mteja akikuta funza mmoja kwenye sufuria yake hatarudi, na atawaambia wengine. Na ukiona kwenye mfuko wako umeota uyoga wa sura tofauti na ule uliopanda, usiule na usiuuze. Upepo huleta mbegu za uyoga mwingine, na baadhi una sumu.

Mfuko ukishamaliza kazi

Mifuko iliyokwisha ndiyo chanzo kikubwa cha wadudu kwa mzao unaofuata. Isirundikwe nyuma ya banda. Siku unapoamua haitoi tena, itoe yote. Nailoni ikusanye kando. Malisho yaliyobaki ni mbolea nzuri kwa migomba, lakini yapeleke upande wa mbali wa kibanja na uyafukie kwa udongo, au uyatie kwenye shimo la mboji na kulifunika.

Kisha osha vichanja, kuta na sakafu kwa sabuni. Fuatisha maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, bila kuichanganya na dawa nyingine ya usafi, huku milango ikiwa wazi. Kuta za udongo zipake chokaa. Acha banda tupu na kavu kwa wiki 2. Wakulima wengi huona kipindi hiki ni hasara. Ukikumbuka hesabu ya wiki 3 hadi 4 za maisha ya inzi, utaona kwamba ndiyo nafasi ya kukata kizazi chao.

Somo kutoka kwenye kichuguu

Ule uyoga mtamu unaoota kwenye vichuguu mvua zikianza umelimwa na mchwa wenyewe. Hukusanya majani na vijiti, hutengeneza vitalu chini ya ardhi na kuotesha humo uyoga wao. Siri yao ni usafi: wanaohudumia vitalu huondoa ukungu mgeni mapema, na kuta nene za kichuguu huzuia vya nje visiingie ovyo.

Wewe una neti, sabuni na macho ya kukagua. Ukianza kukagua siku ile ya kufunga mfuko wa kwanza, kichipukizi ulichokiona jana jioni utakikuta asubuhi kikiwa kizima, na baada ya siku chache kitakuwa uyoga wa kuuza. Kama una tatizo ambalo halikutajwa hapa, mwone ofisa ugani wa kata yako, na ukienda chukua mfuko mmoja ulioathirika ukiwa umefungwa vizuri, ili aone kwa macho badala ya kukisia.